Punje Mia za Paskali

Mwaka jana nilialikwa Nangara, karibu na Babati, kwenye misa ya shukrani ya Paskali. Watu wengine hushukuru kwa kutimiza miaka ya ndoa au ya upadre. Paskali alikuwa anashukuru kwa kutimiza miaka arobaini tangu aanguke kutoka mtini. Paroko alipomuuliza kama kweli anataka jambo hilo litangazwe kanisani, alijibu kwamba hakuna siku nyingine ya maisha yake anayoikumbuka vizuri zaidi ya hiyo. Ujumbe alionitumia ulikuwa mfupi: "Njoo, Daktari. Makande yatakuwepo." Mimi si daktari na sijawahi kuwa. Nilifanya kazi ya maabara mpaka nikastaafu, na macho niliyobaki nayo yanatosha kusoma ujumbe wa simu nikiisogeza mbali. Lakini Paskali ameniita Daktari tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, na neno makande, kati yetu sisi wawili, lina uzito ambao wageni wengine hawakuujua. Nilipanda basi kutoka Arusha nikiwa na wasiwasi kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Kulikuwa na jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia miaka yote hiyo, na nilikuwa nimejiapiza kwamba safari hii nitalisema kabla sahani hazijaondolewa.

Baada ya misa tuliketi uani kwake. Neema alinishika mkono, akanivuta mezani. Huyu ni mtoto wa dada yake Paskali. Amelelewa na mjomba wake, amekua akimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu kwenda sokoni na kurudi, na sasa anafanya utafiti wa majeraha ya uti wa mgongo katika chuo kikuu kimoja cha mbali. "Shangazi, wewe ndiye utakayeelewa hiki," alisema, akafungua kompyuta. Kwenye kioo cheusi vilikuwa vinatembea vidoa vya kijani, vingi, vikikimbilia mahali pamoja. Akaeleza kwamba pale ni ndani ya mgongo wa panya, hapo katikati ndipo neva zilipoumia, na vidoa ni chembe nyeupe za damu zilizotiwa mwanga ili zionekane zikiwa hai. "Hizi ndizo zinazofika kwanza, saa chache tu baada ya jeraha. Baadaye zinakuja hizi kubwa, zinakula uchafu. Zinasaidia, Shangazi, ila nyingine haziondoki. Zinaendelea kula hata kilichokuwa bado kizima. Sisi tunatafuta kujua ni wakati gani tuziache na wakati gani tuzizuie." Paskali alikuwa amejisogeza nyuma yetu. "Kama wajomba zangu msibani," alisema, na watu wakacheka mpaka paroko akageuka. Mimi nilikuwa nimeinama karibu na kioo. Nyingine Neema alikuwa amezipiga picha ya karibu zaidi, na zile za kwanza nilizitambua kwa kiini chao kilichokatikakatika vipande vitatu vinne. "Hayo ni mahindi," nilisema. Neema alinitazama kama anayepima homa. Paskali ndiye aliyecheka peke yake safari hii, mpaka kiti kikalia.

Sitasimulia habari za wazazi wangu wala jinsi nilivyofika Babati. Zinawachosha hata watoto wangu. Ninachotaka kueleza ni mwaka ule mmoja, katikati ya miaka ya themanini, nilipokuwa mwanafunzi wa kazi katika hospitali ndogo pale mjini. Ulikuwa mwaka wa foleni. Tulipanga foleni ya sabuni, ya mafuta ya taa, ya khanga, na mara nyingine tulipanga kwanza ndipo tukauliza kinachotolewa ni nini. Sare zetu tulifua kwa majani ya mpapai. Redio ya wodi ilisema asubuhi tu, kwa sababu betri zake zilihitaji kuanikwa juani mchana ili zipate nguvu ya kusoma taarifa nyingine ya habari. Na bado, nikiulizwa ni mwaka gani nilicheka zaidi, nautaja huo. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya saruji, jiko la mchina la mafuta ya taa, sinki lisilo na maji, na darubini moja yenye kioo cha chini kinachonasa mwanga wa jua. Jua likiwepo tulikuwa na maabara; likijificha tulikuwa na chumba.

Mkuu wa chumba hicho alikuwa Bwana Boay, mtu mfupi, mtaratibu, aliyepima damu, akapiga picha za eksirei, na kunyoa nywele za wafanyakazi siku za Jumamosi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu chembe nyeupe. Unachukua tone la damu, unalipaka kwenye kioo chembamba, unalitia rangi ya zambarau isiyotoka vidoleni hata kwa wiki mbili, kisha unahesabu chembe mia na kuzigawa kwa aina. Kulikuwa na kimashine cha kubonyeza kilichofanya hesabu hiyo, lakini kilikuwa kimekufa na vipuri vyake havikuwepo nchini. Basi Bwana Boay alitafuta makopo matatu. Kopo la kwanza lilikuwa na mahindi, la pili maharage, la tatu mbaazi. Ukiona chembe yenye kiini kilichokatikakatika, unadondosha punje ya hindi kwenye kikombe cha bati. Yenye kiini cha mviringo, harage. Nyingine zozote, mbaazi. Mdomo unahesabu mpaka mia, mkono unatenganisha, na jicho halitoki kwenye darubini. Mwisho unamwaga kikombe mezani na kuhesabu kila aina. Daktari wetu, ambaye alikuwa mmoja kwa wagonjwa wote, alizoea kuuliza akiwa mlangoni, "Mahindi mangapi leo?" Yakizidi sana alijua mwili wa mgonjwa unapigana na vidudu mahali fulani, akaandika sindano ya penisilini. Yasipozidi aliiacha chupa kabatini, kwa sababu chupa zilikuwa chache na wenye kuzihitaji wengi.

Paskali aliletwa Jumapili alasiri akiwa juu ya mlango. Alikuwa amepanda mgunga kule Sigino kutundika mzinga wa nyuki, kamba ikakatika, akaangukia mgongo. Enzi hizo magari hayakuruhusiwa kutembea Jumapili mchana, ili nchi iokoe mafuta, hivyo majirani waling'oa mlango wa nyumba yake, wakamlaza juu yake na kumbeba kwa miguu wakipokezana mpaka mjini. Bwana Boay alisema baadaye kwamba amri ile ya magari ndiyo iliyomsaidia; lori na zile barabara vingemmaliza. Jenereta la eksirei halikuwa na dizeli. Majirani wale wale wakarudi, wakazunguka kwa wenye matrekta, na Jumatatu walikuja na dizeli kwenye chupa za soda na kibuyu kimoja. Filamu ilikuwa imebaki moja. Bwana Boay aliizungusha mashine kwa muda mrefu kabla hajabonyeza, kisha akaitundika filamu kwenye kamba ikauke kama soksi. Tulisimama chini yake sote, daktari, mimi, na Mama Paskali aliyekuwa hajui atazame wapi. Mfupa mmoja ulikuwa umebonyea. "Hii inaonyesha mfupa," daktari alisema. "Kilichomo ndani ya mfupa, kile kinachobeba habari za miguu, hakionekani humu. Tutasubiri." Mama Paskali alisema kwamba kama ni kusubiri tu, yeye anajua, amesubiri mvua miaka yote.

Alilazwa kitanda cha dirishani, godoro likiwa juu ya mlango wake ili mgongo ukae sawa, na nyumba yake kule Sigino ikabaki wazi miezi sita. Wiki ya kwanza walikuja wageni wengi kiasi kwamba muuguzi aliwafukuza kwa ufagio. Waliimba, waliomba, walimletea maziwa ya mgando, walibishana mbele yake kama atatembea Krismasi au Pasaka. Wiki ya tatu walibaki wachache, wale wa kweli, waliokuja kumgeuza. Maana mtu wa aina ile anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ngozi isikae upande mmoja. Mchana tulifuata kengele ya shule ya msingi ya jirani, ambayo ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa. Kengele ikilia watoto waliingia hesabu na Paskali aligeuzwa ubavu. Yeye mwenyewe aliwachekesha watu wodini asubuhi hadi jioni. Nilipomtoboa kidole kwa mara ya kwanza alitazama zambarau iliyo vidoleni mwangu akaniuliza, "Daktari, wewe umeiba zabibu za padre?" Nikamwambia mimi si daktari. "Basi nani ananitoa damu?" Jina likabaki. Hatari yake kubwa daktari alinieleza siku hiyo hiyo: chini ya kiuno hakuwa anahisi kitu, kwa hiyo kidonda kikianza hakitamuuma, hatalalamika, na kipimajoto cha wodi kilikuwa kimevunjika. Damu yake ndiyo pekee ingetuambia. Nikaambiwa niihesabu kila baada ya siku mbili.

Kulikuwa na desturi pale hospitali ambayo sijaiona kwingine. Wagonjwa walipikiwa na ndugu zao katika jiko la uani, na aliyeruhusiwa kwenda nyumbani aliacha chakula kilichosalia kwenye dirisha la jiko, wa kubaki akachukua bila kuuliza. Hakuna aliyeona aibu. Ungesikia wanawake wakisema, "Wa Dareda wameondoka, nenda dirishani." Sasa dirisha la maabara lilikuwa ukuta huo huo wa jiko, hatua tatu tu, na mimi kwa kufuata jua nilikuwa nimeisogeza darubini mpaka ukingoni, na makopo na kikombe vikakaa nje kabisa ya dirisha. Bwana Boay alikuwa amenikataza mara moja. Nilimwona kama mzee anayependa kukataza.

Siku yenyewe nilikuwa nahesabu damu ya Paskali. Nakumbuka mkono wangu ulikuwa unarudi kwenye kopo la mahindi mara kwa mara kuliko kawaida, nami nikawa naona ni uvivu wa jicho. Nilifika mia, nikainuka ninyooshe mgongo kabla ya kumwaga kikombe. Hapo ndipo mtu alipopita nje akikimbia, akisema bila kusimama kwamba duka la ushirika limepata sukari. Bwana Boay alitoa kichwa kwenye chumba cha giza cha eksirei kilichokuwa jirani. "Binti, chukua na kadi yangu. Kimbia." Tulikuwa hatujaonja chai ya sukari tangu masika. Nilikimbia. Foleni ilikuwa imeshafika kwa fundi viatu, na ndani yake nilisikia habari za mji mzima: nani amekamatwa na magodoro chini ya sakafu, nani ameolewa na mwenye duka ili apate unga. Nilirudi baada ya saa tatu, kiatu kimoja kimekatika mkanda, nikiwa na sukari kilo mbili na furaha ya kijinga kabisa. Dirishani, kikombe na makopo yote matatu vilikuwa vitupu. Vilikuwa vimeoshwa vizuri na kufunikwa kifudifudi vikauke.

Nilielewa mara moja, maana harufu ya makande yaliyotiwa magadi ilikuwa inatoka jikoni. Nilichungulia. Mama Paskali alikuwa ameketi mbele ya chungu, anakoroga, uso wake umetulia kuliko siku zote. "Shikamoo, mama," nilisema. "Marahaba, mwanangu. Leo Mungu ameona sisi. Yule ameacha chakula dirishani, sijui nani, na mbaazi pia. Kijana wangu alikuwa anataka makande tangu Jumapili." Alikuwa anampikia mwanawe majibu yake ya damu. Ningeweza kusema pale pale. Lakini mama yule alikuwa na mabaka ya kukosa usingizi chini ya macho, na chakula kilikuwa kimeanza kuiva, nikaona ningemwambia nini, arudishe? Nikakimbilia kwenye darubini nirudie hesabu. Jua lilikuwa limeingia mawinguni upande wa Ziwa Babati, na kioo cha chini kilinionyesha jicho langu mwenyewe. Daktari akapita mlangoni na kuuliza, "Mahindi mangapi kwa Paskali?" Nikatazama hesabu ya juzi kwenye daftari. "Sitini," nikasema, nikaandika sitini. Akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake. Nataka niseme wazi, kwa kuwa nimeshazeeka na sina cha kupoteza: sikuogopa kwa ajili ya Paskali dakika ile. Niliogopa kuambiwa na Bwana Boay kwamba alinikataza.

Asubuhi jua lilipotokea tu nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Bwana Boay, kiatu kimoja mguuni, nikamwambia kila kitu kwa pumzi moja. Hakupaza sauti. Alisema, "Nenda katoe damu nyingine, mimi napanga darubini." Nilimkuta Paskali midomo imekauka, uso unang'aa kwa homa, na majirani zake wa kitanda wakisema ni malaria ya kawaida. "Naomba kidole tena," nilimwambia. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuweza kuyazuia. Alinitazama kwa muda, kisha akanipa kidole. Makopo yakiwa bado matupu, tulihesabu kwa kuchora vistari karatasini, na mahindi yalikuwa themanini na tisa. Daktari alimgeuza yeye mwenyewe, akatafuta taratibu, na kwenye nyonga, chini ya mkunjo wa shuka, akakuta kidonda kilichokuwa kinaoza bila kumuuma mwenyewe. Penisilini ilianza asubuhi ile. Kwa siku tano hatukujua kama atapona au hatapona, na katika siku hizo tano hata yeye hakusema neno la kuchekesha.

Bwana Boay alinikalisha mbele ya daftari. Nilikuwa nimeshika kifutio. Akakichukua, akachora mstari mmoja kwenye ile sitini, sitini yenyewe ikiwa bado inasomeka, akaandika pembeni namba ya kweli na saa. "Hatufuti," alisema. "Atakayekuja baada yetu aone tulikosea wapi." Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea: "Na mimi ndiye niliyekutuma sukari." Adhabu aliyonipa ilikuwa kwamba kila kengele ya mchana niende wodini kusaidia kumgeuza Paskali, nikione kidonda kwa macho yangu kinavyopungua, mpaka kifunge. Sukari yake yote ilikwenda kwenye uji wa Paskali. Na yangu pia, ingawa nitakuwa mwongo nikisema kwamba sikulamba vidole. Siku ya sita nilipoingia na kikombe, Paskali alifungua jicho moja. "Daktari, leo uji huu ni mtamu sana. Ninakufa?" Nilicheka mpaka nikamwaga nusu. Hakutembea Krismasi wala Pasaka, na hajatembea tena. Lakini fundi baiskeli wa pale mjini alimtengenezea kiti cha magurudumu matatu, na nilipoondoka Babati mwisho wa mwaka ule alikuwa ameketi nje ya wodi akitengeneza redio za watu, na wauguzi wanapanga foleni kwake.

Haya yote nilimsimulia Neema pale mezani, nikiruka sehemu moja. Alicheka kuhusu makopo, akasema huko kwao kompyuta ndiyo inayohesabu, na bado wanabishana ni chembe gani ni ipi. Watu walipoanza kupungua nilikisogeza kiti changu karibu na cha Paskali. Meza tuliyolia chakula, niligundua kwa kuipapasa, ilikuwa na tundu la komeo. Ulikuwa mlango wake ule ule, umewekewa miguu. "Paskali," nilisema, "kuna siku niliandika uongo kwenye karatasi yako. Ungeweza kufa."

"Siku ya sukari," alisema.

Nilidhani Bwana Boay, marehemu sasa, ndiye aliyemwambia. Akatikisa kichwa. "Mama aliniletea makande jioni ile. Harage moja lilikuwa na doa la zambarau. Nikamuuliza ameyatoa wapi, akasema dirishani. Nikakumbuka vidole vyako na daktari anavyouliza mahindi mangapi, nikajua nimekula kazi yako yote. Halafu daktari akapita akaniambia damu yangu iko sawa, na mimi nawaka moto."

"Kwa nini hukumwambia?"

Alifuta meza kwa kiganja, taratibu, mahali palipokuwa safi. "Nilikuwa nimechoka, Daktari. Nilichekesha watu mchana ili mama asijue. Nilipojua karatasi ni ya uongo nikaona ni nafasi. Iishe hivyo, kimya kimya, na asilaumiwe mtu. Asubuhi ukaja na kiatu kimoja, unalia, unaomba kidole. Nikajiuliza, huyu mtoto analilia nini, punje tu? Nikaona kama kuna mtu anaweza kulia kwa sababu amenihesabu vibaya, basi ngoja nihesabiwe tena. Nilikuwa nangoja miaka arobaini uniambie, nami nipate kukuambia."

Neema alikuja na sahani mbili za makande, mahindi, maharage na mbaazi, kama alivyokuwa akipika bibi yake, akaziweka mbele yetu. Paskali alichukua kijiko, akasogeza yangu, akaanza kutenganisha punje pembezoni mwa sahani, mahindi huku, maharage kule.

"Hesabu," alisema.

Nikavaa miwani, nikaanza.